Pikipiki Isiyonguruma

Pikipiki ya mtoto ya kuchaji haina mlio, na kwa mtu wa Mollo, huku Ufipa, hilo ni tatizo kabla halijawa sifa. Huku kwetu kila chenye magurudumu hupiga hodi. Bodaboda unaisikia tangu inaacha lami, baiskeli inalia mnyororo, na tela la maksai lililosheheni mahindi linapiga kelele kiasi kwamba mpaka lifike kwako umeshahamisha kuku, umeshachungulia ni la nani na umeshajua atakudai nini.

Ile pikipiki ndogo ya kijana wangu, aliyoletewa na shangazi yake kutoka Dar es Salaam, haikuwa na mlio, lakini dereva wake alikuwa nao. Aliendesha huku ananguruma kwa mdomo. Kila kona alibadilisha gia, na pikipiki yenyewe haikuwa na gia hata moja. Mama yake akiwa jikoni alijua mtoto yuko wapi kwa kutega sikio tu. Akinyamaza, ama amekwama, ama anatafuna kitu kisicholiwa. Kuhusu mwendo, niseme tu kwamba kuku walikuwa wanaipita.

Kisha magoti yakaanza kugonga usukani, na suala la kumpandisha kwenye pikipiki kubwa zaidi likageuka kuwa mjadala wa mtaa. Vijana wa bodaboda waliunga mkono kwa kauli moja, nadhani kwa sababu walitaka kuijaribu wao. Mzee mmoja jirani akanishauri nimfundishe kwanza kuswaga maksai: “Hao, mwanangu, ukisema simama, wanasimama.” Mama watoto yeye alikuwa na hoja moja tu, umeme wa LUKU.

Nikamwekea hesabu mezani. Betri ya hiyo kubwa, ya volti 24 yenye ampea-saa 5, inabeba wati-saa 120. Yuniti moja ya LUKU ni wati-saa 1,000. Yaani hata ukiongeza kinachopotea kwenye chaja, robo ya yuniti haifiki, na pasi yake ya Jumapili asubuhi inakula zaidi ya hapo kabla kola haijanyooka. Akasikiliza mpaka mwisho, akajibu kwamba pasi haijawahi kumgonga mtu. Hapo sikuwa na hesabu nyingine.

Hata hivyo kubwa ikafika kwa basi, imesafiri zaidi ya kilomita 1,000 ndani ya boksi lililoandikwa pande zote kwamba lisilazwe. Lilikuwa limelazwa.

Wanaotengeneza vyombo hivi kwa umakini hawapangi kwa umri peke yake. Wamarekani wa Stacyc, kampuni ambayo Harley-Davidson waliinunua mwaka 2019, wana ya tairi inchi 12 yenye kiti cha sentimita kama 33 kutoka chini, na ya inchi 16 yenye kiti cha kama 43. Ndogo inaishia kwenye kilomita 14 hivi kwa saa, kubwa inafika 21. Ukitazama kwa haraka, unaona kimo kimeongezeka sentimita kumi tu. Lakini katika hizo sentimita kumi ndimo ilimokuwa breki ya kijana wangu, maana breki yake ilikuwa nyayo za kandambili.

Kuna jambo jingine ambalo boksi halikuandika upande wowote. Pikipiki ndogo za kuchezea huwa na meno mengi kati ya mota na gurudumu, hivyo mtoto akiachia moto, gurudumu linakabwa na chombo kinasimama chenyewe. Kubwa yetu haikuwa hivyo. Ukiachia moto, inaendelea na safari zake. Na uwanda wa Ufipa, wenye mita kama 1,800 juu ya usawa wa bahari, si meza. Kiwanja chetu kinateremka kuelekea bondeni, na chini ya kiwanja anakaa Bibi, jirani yetu, ambaye siku hiyo alikuwa ameanika maharage kwenye turubai.

Kijana akaachia moto kwa utulivu, kama alivyozoea. Akashusha miguu, nayo ikaning'inia. Akaendelea. Kwa mara ya kwanza tangu apande chombo chenye magurudumu, alikuwa kimya kabisa. Mdomo ulikuwa wazi lakini hautoi kitu. Bibi alikuwa amewapa mgongo walimwengu, anapepeta. Alichosikia ni maharage yenyewe yakisema shaaa, na alipogeuka akamkuta mtoto wa jirani amekaa katikati ya turubai, kofia ngumu imemfunika macho, anamwamkia: “Shikamoo, Bibi.” Bibi akaitikia marahaba kwanza. Adabu ni adabu. Matusi yakafuata, na yalinihusu mimi.

Maharage tuliyaokota familia nzima hadi jua linazama. Ukitaka kuijua thamani ya jirani, yaokote maharage yake huku amekusimamia.

Umoja wa Ulaya walishaliona hili la ukimya. Tangu Julai 2021 kila gari jipya la umeme linalouzwa kule lazima litoe sauti ya kutengenezwa linapokwenda taratibu, mpaka kilomita 20 kwa saa, ili wasioona na waenda kwa miguu walisikie. Pikipiki za watoto hawakuzigusa. Bibi akazitungia sheria yeye: makopo mawili ya nyanya yafungwe nyuma kwa kamba. Sasa kijana akipita, kuku wanakimbia mapema, na mbwa wa mtaa mzima wameona ni wajibu wao kumsindikiza. Breki ya mkono alifundishwa na wale wale vijana wa bodaboda, uwanjani, pikipiki ikiwa imezimwa na wao wakiisukuma. Ada yao ilikuwa kuijaribu.

Baridi ya mwezi wa saba ilipoingia, betri ikawa inaishiwa nguvu mapema, kama zinavyofanya betri zote kwenye ubaridi. Tukaikuta imelala na mwenyewe, imefunikwa blanketi mpaka shingoni. Mama watoto akaihamishia sebuleni, na chaja akaificha anakojua yeye.

Ile ndogo ipo stoo, inauzwa. Betri nzima, magurudumu mazima, breki mnunuzi atakuja nayo miguuni mwa mtoto wake. Bei tutaelewana, ila mwenye kauli ya mwisho ni mama watoto.