Mtindi wa Ndama

Ukifuga ng'ombe Bagamoyo utapata madaktari wengi kuliko ng'ombe. Ndama wangu alipoanza kuharisha, afisa mifugo alimpima joto, akamdunga oksitetrasaiklini, akasisitiza dozi imalizike na maji yenye chumvi na sukari yasikatike. Akiwa tayari juu ya bodaboda, akaongeza: "Mtindi kidogo utamsaidia tumbo. Dawa haichagui, inaua vijidudu vibaya na vizuri."

Bodaboda haijafika Kiromo, mtaa mzima ukawa zahanati. Mwenye duka aliniuzia mtindi wa vanila, eti ndama ni mtoto, atapenda harufu. Mzee mmoja mfugaji, mwenyeji wa Lugoba, aliucheka mtindi wote: mgonjwa alishwe majani anayocheua ng'ombe mwenye afya! Wataalamu hawampingi, maji ya tumbo la ng'ombe mzima hutumika kweli kuamsha tumbo lililozubaa. Ila kumpora ng'ombe kilicho kinywani hakuna aliyetufundisha. Mzee alishika pembe, shemeji akapeleka mkono. Ng'ombe alimtazama kama karani wa benki anayeombwa mkopo bila dhamana, kisha akameza.

Tukarudi kwenye mtindi, ambao mama watoto alishaupangia ugali wa jioni.

"Baba Asha, wanao wakiharisha unawapa chai ya rangi. Huyu ndiye wa mtindi?"

Nikamtajia Elie Metchnikoff wa Paris, mshindi wa Nobel ya 1908, aliyeamini maziwa ya mgando yanarefusha maisha. Nikamwongezea Robert Koch, msaka vijidudu, aliyekuwa hapo Dar es Salaam mwaka 1897 akichunguza damu ya ng'ombe wagonjwa.

"Na wote wana kazi tumboni mwa ndama wako?"

"Wote."

"Basi wakanunue mtindi wao."

Jirani akatuhurumia kwa maziwa mabichi tugandishe wenyewe. Tukatia kianzio, tukafunika, tukalala. Asubuhi maziwa yalikuwa maziwa vilevile, hayakuganda hata ukingoni. Shemeji akanong'ona kuhusu kijicho, mpaka jirani alipokumbuka kuwa ng'ombe wake naye yumo kwenye sindano. Dawa ilikuwa imewaua wagandishaji wetu ndani ya sufuria! Afisa mifugo aliposikia hakucheka. Maziwa ya ng'ombe anayetibiwa hayanywewi wala hayauzwi mpaka siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye chupa ya dawa zipite.

Ndama amepona, na sasa anafukuza kuku. Mzee anasema ni majani, ambayo hakuyala. Mwenye duka anasema ni vanila. Ukweli ni kwamba kilichomponya ni dozi iliyokamilika na maji. Mtindi ni msaidizi tu. Nawe ukitaka kumpa wako, mpe usio na sukari wala ladha, uachanishe saa kadhaa na dawa yoyote ya kunywa, uendelee siku chache baada ya dozi kuisha. Na kabla ya yote, nunua pakiti mbili: moja ya ndama, nyingine ya amani nyumbani.