Gari Jipya Likikuvuta Kushoto, Lifungulie Kesi kwa Utaratibu

Gari jipya, kwetu, ni lile lililotoka bandarini juzi likiwa na miaka saba ya Japani mgongoni, nalo hupewa heshima zote za mgeni. Hulipakii mkaa. Hulisemi vibaya mbele ya mashemeji. Basi likianza kuvuta upande, mwenye gari huukaza usukani kwa mkono mmoja na kusema, "Nitalizoea." Usilizoee! Wakati wewe unazoea, matairi yanaliwa.

Sasa usikimbilie mashine ya alaimenti, ile ya kupima mkao wa matairi. Alaimenti ni mshitakiwa wa mwisho katika kesi hii, na wa kwanza ni upepo. Upime asubuhi, gari halijatembea, kwa sababu tairi likipata moto kipimo hupanda. Kiasi kinachotakiwa kimeandikwa kwenye kibandiko kilichopo kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Kwenye magari ya Japani huandikwa kwa kPa, na 220 kPa ni kama 32 PSI. Kijana wa pancha akilipiga tairi teke na kusema "liko poa", mshukuru, kisha mwombe geji. Tairi la mbele kushoto likipungukiwa na upepo kuliko mwenzake, gari litavuta kushoto hata kama kila kitu kingine ni kizima.

Ukiwa umechuchumaa hapo, soma tarakimu nne za mwisho kwenye alama ya DOT ubavuni mwa tairi. 2318 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2018. Gari likisimama muda mrefu yadi na melini, tairi huweza kubonyea upande mmoja, na usukani ukatetemeka mwanzo wa safari. Likishapata moto na kutulia, sawa. Lisipotulia, tairi hilo lina kasoro.

Mshitakiwa wa pili ni barabara yenyewe, na huyu husingiziwa na kusingizia kwa zamu. Lami hujengwa na mgongo katikati ili maji ya mvua yakimbilie mtaroni. Sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo mteremko huo unatupeleka kushoto, na gari zima kabisa huenda huko polepole. Tafuta mahali tambarare, paliponyooka, pasipo na magari wala watu, uende kilomita 50 kwa saa. Legeza mikono, vidole vibaki karibu na usukani, kisha ujibu swali moja: je, gari linakimbia upande, au gari linanyooka ila usukani ndio umekaa upande?

Hizo ni kesi mbili tofauti, na watu wanazichanganya kila siku. Gari likinyooka huku nembo ya usukani imeinama, kwa kawaida ni taiodi, zile fito zinazounganisha steringi na matairi ya mbele: moja imerefushwa na nyingine imefupishwa na mtu ambaye hakuuweka usukani katikati kabla ya kukaza. Dawa yake ni kuzirekebisha zote mbili kwa kiasi sawa. Lakini kuna fundi atakayekwambia, "Bosi, huo tunauchomoa tu, tunauhamisha jino moja." Mkatalie, na umkatalie kwa sauti. Steringi huko chini itabaki nje ya katikati, gari litakata kona vizuri upande mmoja na kwa shida upande wa pili. Kama lina mfumo wa kuzuia kuteleza, kihisi kinachosoma pembe ya usukani kitaudanganya mfumo mzima. Tena ndani ya usukani huo mna eabegi, si kitu cha kuchezewa kando ya barabara.

Kama kweli linavuta, badilisha matairi ya mbele, la kulia liende kushoto na la kushoto kulia, ilimradi hayana mshale wa mwelekeo. Mvuto ukihamia upande wa pili, umemkamata mhalifu: ni tairi. Usipohama, endesha kidogo bila kukanyaga sana breki, ushuke, usogeze kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Moja ikiwa ya moto kuliko mwenzake, kalipa inabana. Na usukani ukitetemeka kuanzia kilomita 80 hadi 100, hiyo ni balansi. Usikubali kuuziwa alaimenti hapo.

Pitisha kiganja juu ya meno ya tairi, kutoka nje kwenda ndani, kisha urudi. Upande mmoja ukiwa laini na kurudi kukikwaruza kama msumeno, matairi hayatazamani sawasawa, jambo ambalo mafundi huliita tou. Tairi likiwa limelika ukingo wa ndani peke yake, shuku kemba, yaani tairi limelala.

Kisha gari lipandishwe jeki, liwekwe stendi, na tairi litikiswe. Likicheza kulia na kushoto, angalia taiodi. Likicheza juu na chini, angalia boljointi na beringi. Kilichochoka kibadilishwe kwanza, kwani kupima alaimenti juu ya taiodi inayocheza ni kulipia namba zitakazobadilika kwenye tuta la kwanza.

Hapo ndipo uende kwenye mashine. Dai karatasi mbili, ya kabla na ya baada. Nyuma ipimwe kwanza, maana mbele hufuata mstari wa nyuma. Magari madogo mengi huruhusu kurekebisha tou ya mbele tu, hivyo kemba ikionyesha tofauti kubwa kati ya kulia na kushoto, kuna kitu kimepinda, na una swali la haki la kumpelekea aliyekuuzia. Kabla hujalipa, shika usukani, fundi akae kiti cha pembeni, mrudi wote kwenye barabara ile ile uliyopimia.