Mume Wangu Hajanipiga

Nianze na hilo, maana ndilo mnalotaka kujua. Mume wangu hajanipiga. Hakunipiga mwaka jana, hajanipiga mwaka huu, na kwa kitambi alichonacho, akinyanyua mkono kwa hasira itabidi akae kwanza apumue. Namsemea kwa sababu yeye amechoka kusema, na kila akisema, watu wanatazamana.

Yalianza na mashimo. Chini ya macho yangu kuna mashimo, na ni ya ukoo: mama anayo, na bibi alizeeka nayo kule Pangani bila mtu kumuuliza kama amelala. Mimi naulizwa. Nafika kazini saa mbili kasoro, nimeoga, nimejipaka poda, dada wa mapokezi ananipokea kwa "Pole dada, umekesha?" Siku ishirini za kazi kwa mwezi, pole ishirini. Basi sendofu ya binti yangu ilipokaribia, na mpiga picha tumeshamlipa nusu, nikaamua zamu yangu ya upatu isiende kwenye bati za paa la uani kama tulivyokubaliana nyumbani. Iende usoni.

Kliniki siitaji. Iko upande ule wa mji ambako bajaji inaishia getini na wewe unamalizia kwa miguu kama mtu aliyekuja kuomba kazi. Ndani kuna kiyoyozi, maua ya plastiki, na binti mwenye kope ndefu kiasi kwamba akipepesa unasikia upepo. Ananiita "mpenzi". Akanieleza kuwa nitachomwa fila, neno ambalo mtu mwenye ulimi wa kuchanganya herufi hatakiwi kulitamka mbele ya wakwe, na kwamba ni mililita moja tu, nusu huku, nusu kule. Kijiko cha chai ni mililita tano. Kwa hiyo nilikuwa nanunua moja ya tano ya kijiko cha chai, kwa pesa ambayo ningekwenda nayo Vingunguti ningerudi na mbuzi watatu, na mbuzi hawahitaji kusainiwa fomu.

Fomu nikaisaini. Miwani ilikuwa kwenye mkoba, maana nani anavaa miwani siku ya kwenda kurembwa macho? Na miwani yenyewe, fikirini, ina fremu nyeusi nene ambayo miaka yote ilikuwa ikiyaficha mashimo yale bila kunidai senti. Fomu nilikuja kuisoma nyumbani. Ukurasa wa pili ulisema kwamba dawa ikiingia kwenye mshipa wa damu, mtu anaweza kupofuka. Chini yake, saini yangu, tena imekaa vizuri.

Siku za kwanza uso wote ulivimba, wakasema ni kawaida. Uvimbe ukashuka, ukaacha mabonge. Kulia matatu, yamepanga foleni kama mbaazi. Kushoto moja refu, limejilaza kama jongoo aliyeshiba. Na rangi yake ilikuwa bluu iliyofifia, ile ya mtu aliyekutana na ngumi siku nne zilizopita. Nikapiga simu. Binti wa kope akasema nisubiri wiki mbili, nisiyabinyebinye, nilale kichwa kikiwa juu. "Itakaa tu, mpenzi." Kweli ilikaa. Kukaa ndiyo kazi iliyoijua kuliko zote.

Usiku, nimeegemea mito mitatu kama mgonjwa wa pumu, nikaanza kusoma kwenye simu nilichopaswa kusoma kabla. Kitu chenyewe kinaitwa asidi ya hailuroniki. Mwaka 1934, huko New York, Karl Meyer na John Palmer waliipata ndani ya jicho la ng'ombe, kwenye ule ute mzito unaolijaza. Siku hizi huzalishwa kwa bakteria, lakini habari za bakteria nilizipita haraka, ng'ombe alinitosha. Sifa yake kubwa ni kuvuta maji na kutoyaachia. Hapo nikaelewa kwa nini asubuhi nilikuwa natisha kuliko jioni, na kwa nini siku niliyokula ng'onda kwa mama niliamka macho yamebaki mistari miwili.

Na ile bluu ina mwenyewe. Ngozi ya eneo lile ni nyembamba kuliko ya sehemu nyingine yoyote ya mwili, kama nusu milimita hivi. Jeli ikiwekwa juujuu, mwanga unaingia, rangi ya bluu inatawanyika na kumrudia anayekutazama. Wataalamu wanaliita jambo hilo kwa jina la John Tyndall, mwanafizikia wa Ayalandi wa karne ya 19, ambaye aliuchunguza mwanga unavyopita kwenye vumbi na hewa na hakuwa na habari na mtu wa Tabata. Elimu hiyo haikunifaa kitu. Ukimwambia kaka yangu kwamba hii si ngumi, ni Tyndall, atakuuliza huyo Tyndall anakaa mtaa gani.

Faraja niliipata kwa Gladys Deacon. Huyu alikuwa Mmarekani, uzuri wake ukisifiwa Ulaya nzima, na bado hakuridhika na pua. Enzi zake jeli haikuwepo. Daktari Robert Gersuny wa Vienna alikuwa ameanza mwaka 1899 kuwachoma watu mafuta mgando, naam, ya kupaka miguu, na wengine wakafuata na nta ya parafini. Gladys akachomwa nta puani akiwa na miaka ishirini na kidogo. Nta ikateremka kuelekea kidevuni, na huko hakuna wa kuirudisha. Hata hivyo mwaka 1921 aliolewa na Dyuki wa Marlborough, na macho yake ya bluu yamechorwa kwenye dari la baraza ya jumba la Blenheim hadi leo. Macho, si pua. Nililala nikijiambia kwamba yangu angalau hayajateremka.

Mchana faraja haikuwepo. Mama alisema ni figo, akaniletea maji ya shayiri kwenye dumu la lita tano. Wifi alisema nimerogwa, na akawa na mganga wake Mlingotini. Dada wa mapokezi aliacha kabisa kusema pole. Alianza kunitazama tu, kisha siku moja akanisogezea kikaratasi chenye namba ya dawati la jinsia la polisi, akanibana mkono. "Si lazima useme, dada. Jua tu tupo."

Ningeweza kusema. Sentensi moja ingetosha. Lakini sentensi hiyo ilikuwa na bati ndani yake. Mzee wangu alikuwa akijua zamu ya upatu imesogezwa mbele, na mabonge ni mzio wa vumbi la barabara. Kila jioni alikuwa akinipulizia maji mlangoni kama mchicha, maskini, ili vumbi litulie, kisha anatazama paa la uani na kusema, "Mvua zinakuja, mama." Mwanaume wa namna hiyo ndiye mtaa mzima ulikuwa umeacha kumwitikia salamu. Muuza genge alimrudishia chenji kwa kuiweka mezani.

Kaka na mjomba walikuja kwa basi kutoka Tanga, hawajaitwa. Walikunywa chai kimya, na nyumbani kwetu chai ikinywewa kimya ujue kuna kikao. Mjomba akaanza mbali, na babu, na heshima, na ng'ombe waliotolewa, ingawa kwangu hakutolewa ng'ombe, ilitolewa cherehani. Kisha akafika. "Mkwe, mikono imeumbwa kwa kazi nyingi." Mzee wangu akatazama mikono yake kana kwamba na yeye ndiyo kwanza anaiona.

Hapo nikashindwa. Nikasema yote: kliniki, upatu, mililita moja, ng'ombe wa New York, nikamtaja hadi Tyndall. Nilipomaliza, kaka alitikisa kichwa kwa huzuni.

"Zamani walikuwa wanasema wameanguka bafuni," alisema.

"Au mlango," mjomba akaongeza. "Mlango angalau una akili. Mtu atoe pesa yake mwenyewe, achomwe sindano chini ya jicho, apate manundu? Mwanangu, kama ni kumtetea mumeo, mtetee kwa uongo unaoaminika."

Katika chumba kile aliyeniamini ni mmoja tu. Hakusema neno. Aliinua macho taratibu, akatazama darini, upande wa uani, palipokosekana bati.

Na hapa niseme kitu kimoja, kisha nirudi kwenye jeli. Nyumba ya nne kutoka kwetu yupo mama ambaye mwaka juzi alivuka barabara alfajiri, kanga imelowa damu. Mtaa ulisema ni mambo ya ndani. Hakuna aliyepanda basi.

Aliyeniokoa ni daktari wa ngozi, mzee mmoja asiyemwita mtu mpenzi. Aliyagusa mabonge kwa kidole kimoja, akauliza kama nina mzio wa kuumwa na nyuki. Nikadhani na yeye ni wa Mlingotini. Kumbe ile jeli inayeyushwa kwa kimeng'enya kinachoitwa hailuronidezi, ndugu yake yumo ndani ya sumu ya nyuki, na asiyepatana na nyuki lazima aangaliwe kwanza. Kwa hiyo nilichomwa cha ng'ombe nikalipa, sasa nachomwa cha nyuki nalipa tena, ili nirudi nilipokuwa Januari. Mlipaji safari hii alikuwa mzee wangu. Alihesabu noti kwa sauti, kwa hesabu ya bati: "Hii ni bati mbili. Hii ni bati nne. Hii ni misumari."

Kufikia kesho yake mabonge yalikuwa yamelainika, keshokutwa jongoo hayupo, na mashimo yamerudi mahali pake kama wapangaji waliokwenda kijijini mara moja. Ninayo kwenye picha zote za sendofu. Mpiga picha alijitolea kuyafuta kwa kompyuta, bure, dakika mbili kwa picha. Sikumjibu, nilihofia nitalia, na kulia kunavimbisha.

Sendofu ilifana. Mvua ilinyesha uani kama ilivyoahidi, tukaweka ndoo. Wakati wa kuagana mjomba alinishika kidevu, akanigeuzia kwenye taa, akanikagua jicho moja baada ya jingine. Safi. Hakuna nundu, hakuna bluu. Akaniacha, akamwendea mzee wangu, akaushika mkono wake kwa mikono yote miwili mbele ya kaka, wifi, na muuza genge aliyekuja na mchango wake wa viazi.

"Umejirekebisha, mkwe," alisema. "Si wanaume wengi wanaoweza. Mungu akuzidishie."

Mzee wangu alinitazama. Akatazama zile ndoo. Kisha akasema, "Amina."