Jamani, Nani Kamfundisha Mtoto Huyu?

Mweeh! Muuza kahawa wetu hapa kijiweni kaja na mjukuu wake, katoto ka miaka sita, meno ya mbele yametoka yote mawili, kamasi zenyewe bado anapengwa. Akamiminiwa maji kwenye kikombe cha bati. Akayatazama maji, akamtazama babu yake, akauliza, "Babu, haya ni ya kampuni gani?" Benchi zima kimya. Fundi viatu akasonya, ule msonyo mrefu wa kuanzia kooni, akasema, "Haya sasa. Ukistaajabu ya Musa."

Nani kamfundisha? Mama yake anakaanga maandazi, baba yake yuko barabarani na bodaboda tangu alfajiri, na maji wanayokunywa nyumbani ni ya dumu. Shuleni bado wanahangaika na ba be bi bo bu. Mwalimu wake, jamani, ni yule aliyekaa juu ya kabati la sebuleni, anayeongea kutwa nzima bila kuomba hata maji ya kulainisha koo. Wazee walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, lakini walidhani ulimwengu utasubiri mtoto akue, atoke nje, ajikwae. Huu wa siku hizi umemfuata mkekani hajaota hata magego. Sisi Tanzania Bara tulichelewa kwa hili. Wenzetu Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, sisi tukabaki na redio zetu mpaka 1994. Tulivyoipata tukaifidia yote kwa mkupuo, inawashwa asubuhi na kuzimwa wakati wa kulala, na kama umeme haujakatika haipumziki.

Hebu tulitazame tangazo la sabuni ya unga. Kila mtu kaliona, usiniambie hujaliona. Mtoto wa kiume anaingia kutoka mpirani, tope mpaka kwenye nyusi. Mama anafanyaje? Anacheka! Anacheka, jamani, meno thelathini na mawili nje. Mtaani kwetu mtoto akiingia na shati la shule katika hali ile, ataulizwa kama yeye ndiye anayeteka maji. Haya, mama anamwaga unga kwenye beseni, povu linapanda, shati linatoka jeupe kuliko lilivyonunuliwa. Halafu inakuja sauti nzito ya mwanaume kutueleza uchafu unavyong'oka kwenye uzi. Mwanaume! Nani amewahi kumwona huyo bwana na beseni? Na binti wa nyumba ile yuko wapi? Ukitazama vizuri utamkuta pembeni ya mama, ameshika nguo iliyokunjwa, anainusa, anatabasamu. Kaka yake kapewa uwanja, mpira na ruhusa ya kuchafuka. Yeye kapewa kunusa. Sekunde thelathini tu, mtoto wa kike kashaonyeshwa pa kusimama, na ataonyeshwa tena kabla taarifa ya habari haijaanza, na tena ikiisha.

Tusiisingizie televisheni kila kitu, maana ukweli usemwe. Tulipocheza kibaba na kimama uani, wasichana ndio waliopika udongo kwenye vifuu, wavulana tukaenda "kazini" nyuma ya mwembe na kurudi tukidai chakula. Hilo tulilikuta. Lakini lile tulilicheza jioni moja, giza likiingia tunaitwa kuoga, kesho wasichana wanatushinda kombolela na kutukimbiza rede mpaka tunahema. Hakuna aliyekuwa anapata faida sisi tukibaki vile vile. Leo yuko anayepata, na ana hesabu zake.

Niliposimulia hapa benchini kwamba Uingereza, mwaka 2019, waliweka kanuni ya kuzuia matangazo yanayowadhalilisha wanawake au wanaume kwa mambo ya "kazi hii ya kike, ile ya kiume", na miezi michache tu baadaye wakapiga marufuku matangazo mawili, mzozo uliozuka hapa si wa kawaida. Moja lilikuwa la jibini. Kina baba wawili wamekolewa na utamu wa jibini mpaka watoto wao wachanga wanachukuliwa na mkanda wa kupitisha vyakula mgahawani. La pili lilikuwa la gari. Wanaume wanaelea angani na kuruka michezoni, mwanamke amekaa benchi la bustani na kigari cha mtoto. Kijana wa bodaboda akapiga paja: "Wazungu hawana kazi!" Mimi namwambia mdogo wangu, wana kazi, na kazi yenyewe ni hiyo. Lile la jibini lilimtukana nani? Lilikutukana wewe baba, likasema hujui kushika mtoto. Na wewe unacheka.

Sasa nendeni Kariakoo, Mtaa wa Kongo, wiki ya mwisho kabla shule hazijafunguliwa. Lahaula! Mabegi yamening'inia mpaka juu, huoni anga. Huku ya pinki, binti mfalme wa barafu wa ile katuni ya 2013, nywele mpaka kiunoni, macho makubwa kuliko kiganja cha mtoto. Kule ya bluu na nyekundu, mtu buibui na magari ya mashindano. Muuzaji hakuulizi mtoto yuko darasa la ngapi, wala madaftari mangapi. Anauliza, "Wa kike au wa kiume?" Basi nikamwona kijana mmoja mdogo, amevua ndala kapanda juu ya stuli ya muuzaji, kang'ang'ania begi la pinki. Na alikuwa na haki yake! Lilikuwa na mifuko miwili ya pembeni ya kuwekea chupa, na zipu pana ya chuma. Lile la buibui zipu yake ya plastiki ilishaanza kukataa pale pale dukani. Mtoto kachagua kwa akili. Baba yake akatazama kulia, akatazama kushoto, akamshusha kwa kumshika kwapa: "Utachekwa." Wakaondoka na buibui. Mwezi wa tatu utamkuta yule mtoto kalifunga begi lake kwa pini. Na pembeni, kwenye ndoano hiyo hiyo, lilikuwepo begi la turubai la kaki lisilo na picha yoyote, imara, la kufika nalo darasa la saba. Hakuna hata mmoja aliyeuliza bei yake.

Nani aliyesema pinki ni ya wasichana? Bibi zangu wamevaa kanga za rangi zote, na babu zangu wa Pwani wamejifunga vikoi vyenye mistari ya pinki na kuendea mazikoni, hakuna aliyewacheka. Ni biashara, jamani. Ukigawa watoto makundi mawili, nyumba yenye kaka na dada italazimika kununua viwili viwili, mdogo hawezi kurithi baiskeli ya dada yake. Ujanja mtupu! Na wakati mwingine ujanja unazidi mipaka. Mwaka 1992 kampuni ya Mattel, ile iliyomleta Barbie duniani mwaka 1959, ilitoa mdoli anayeongea. Miongoni mwa maneno yaliyowekwa tumboni mwake ni kwamba somo la hesabu ni gumu. Mdoli wa kike! Anamnong'oneza mtoto wa kike! Wanawake wasomi wa Marekani wakaja juu, maneno yakaondolewa. Lakini fikirieni maneno yale yalipita ofisi ngapi, mikononi mwa watu wazima wangapi wenye mabinti zao, bila mtu kushtuka.

Hata hivyo sina kinyongo na kioo chenyewe cha televisheni. Dar es Salaam hii hii, mwaka 2014, vijana walianzisha Ubongo Kids, katuni ya kufundisha hesabu kwa nyimbo, na wakafuatia na Akili, msichana wa miaka minne anayeishi karibu na Mlima Kilimanjaro, mdadisi wa kila kitu. Watoto wa mtaa wetu wanaimba namba wakiwa wanafua soksi. Kumbe inawezekana! Kioo ni kile kile, saa ni zile zile.

Haya, tuingie kwenye la matabaka, hapa ndipo moyo unaponiuma. Elimu ya msingi katika shule za serikali haina ada. Lakini ukitembea barabara kubwa yoyote ya jiji utalikuta bango la shule ya kulipia. Mtoto mweupe peee, nywele laini, tai imekaza shingo kwenye joto la Februari, kashika kompyuta. Nyuma yake basi la njano. Chini yake wanapita watoto wa Kayumba, yaani wa shule za serikali, viatu vimepauka kwa vumbi, fagio la chelewa mkononi kwa sababu leo ni zamu yao ya usafi. Wanalisoma lile bango kila siku, kwenda na kurudi. Bango haliwatukani. Linawaambia tu kwamba mtoto ni yule. Nairobi watoto wa ndani ya geti wanaitwa mababi, sisi tunasema geti kali, lakini picha ni moja, na mtoto wa uswahilini akitokea kwenye kioo, mara nyingi ni tangazo la kuomba michango, nzi machoni, muziki wa kilio. Yaani kati ya vitu vyote anavyoweza mtoto yule, kuruka kamba, kuchonga gari la kopo lenye magurudumu ya ndala, kuhesabu chenji haraka kuliko mwenye duka, hakuna walichokiona isipokuwa nzi.

Na wazazi tunavyokimbizana sasa! Mtoto kamaliza chekechea, anavalishwa joho na kofia ya digrii, keki ya ghorofa tatu, mpiga picha, michango kwenye kundi la simu. Mama mmoja hapa jirani aliuza jiko lake la gesi akalipia joho. Jiko! Karudia mkaa, anapuliza moto machozi yanamtoka, picha ya mahafali iko ukutani.

Mchezo huu wa kumuuzia mzazi hofu ni wa zamani, na uliwahi kuua. Mwaka 1974 shirika la War on Want la Uingereza lilitoa kijitabu kuhusu makampuni ya maziwa ya kopo yalivyokuwa yakijitangaza katika nchi maskini, pamoja na wauzaji wa kike waliovishwa sare kama za manesi. Mama anaambiwa kopo ndiyo ustaarabu. Kopo ghali, analizimua ili lifike mwisho wa mwezi. Maji si salama. Mtoto anakondeana na kuharisha, ziwa la mama limekauka kwa kutonyonywa. Ikabidi Mkutano wa Afya Duniani upitishe kanuni mwaka 1981, na Kenya wakatunga sheria yao mwaka 2012. Bado mpaka leo utaingia nyumba ukakuta kopo tupu la maziwa limepangwa kabatini pamoja na maua ya plastiki, lionekane na wageni.

Kwenye televisheni angalau tangazo lilikuwa na mwisho, ungejua sasa katuni imerudi. Kwenye simu, loo! Mtoto anamtazama mtoto mwenzake anafungua maboksi ya midoli, boksi baada ya boksi, nusu saa nzima, na hiyo ndiyo katuni na hilo ndilo tangazo. Mwaka 2019 huko Marekani Google na YouTube walikubali kulipa dola milioni 170 baada ya kutuhumiwa kukusanya taarifa za watoto bila ridhaa ya wazazi wao, ili watupiwe matangazo yanayowafaa. Yaani mtoto anatazama simu, na simu inamtazama mtoto. Wanasaikolojia wa Marekani walishasema tangu 2004 kwamba mtoto wa chini ya miaka minane hajui kwamba anashawishiwa. Yeye anaamini tu. Ukimwambia juisi ile ni sukari na rangi, atakwambia mama, mbona wamesema ina matunda?

Fundi viatu anasema hakuna la kufanya, biashara ni biashara. Si kweli, kaka yangu. Jimbo la Quebec, Kanada, limekataza matangazo ya biashara kwa watoto wa chini ya miaka 13 tangu 1980. Kampuni ya vitu vya kuchezea ikaenda mahakamani kudai inanyimwa uhuru wa kusema, na Mahakama ya Juu ya Kanada mwaka 1989 ikaisimamia sheria. Sweden wamezuia matangazo ya televisheni yanayowalenga walio chini ya miaka 12 tangu 1991, na televisheni zao hazijafungwa. Na sisi tuanzie na katuni za asubuhi, tangazo lisiingie pale katikati. Wenye vituo watalia kwamba watakufa njaa. Hawafi! Waniuzie mimi saruji, mabati, rangi ya ukuta, bima, mkopo wa benki, nitakaa nisikilize mpaka mwisho na nitabisha nao bei, mimi ni mtu mzima. Yule wa miaka sita wamwache amalize uji wake.