Picha Moja Tu, Mama

Mwanafunzi wa ng'ambo ameshuka Katesh, Hanang, kwa muhula mmoja, kujifunza utamaduni. Mnadani ng'ombe hawaoni. Anamsaka mama wa Kibarabaig mwenye vazi la ngozi na bangili za shaba. Akikutana na mama aliyejifunga kitenge, simu sikioni, anashusha kamera: huyu si wa asili!

Akiwa katoka Kanada, mbona tunafahamiana zamani. Miaka ya 1970 na 1980 nchi yake ilifadhili mashamba ya ngano ya shirika la umma, NAFCO, hapa Hanang. Malisho ya Wabarabaig, ekari kama 100,000, yakalimwa, makaburi ya wazee humohumo. Kwenye somo lake la utamaduni sidhani kama hilo limo.

Karibu mgeni, piga picha. Ila kwanza muulize mama ng'ombe wa baba yake walikuwa wakichungwa wapi.