Jinsi ya Kuiandika Nyaishozi Hewani

Nawa mikono kwanza. Utomvu wa ndizi umegandisha vidole vingi huku wilayani Karagwe, na leo navihitaji vilegee.

Herufi za vidole katika Lugha ya Alama ya Tanzania, LAT, hutaka mkono mmoja tu, kwa hiyo kikapu kinaweza kubaki katika mkono wa pili. Andika jina la kijiji chenu, NYAISHOZI. N: kunja ngumi, ufiche dole gumba chini ya kidole cha shahada na cha kati. Y: kunjua gumba na kidole cha mwisho. A: ngumi, gumba ubavuni. I: kidole cha mwisho peke yake juu. S: ngumi tena, gumba mbele ya vidole. H: shahada na cha kati pamoja, vilale upande. O: duara. Z: shahada iichore hewani. Kisha I, umefika kwenu. Lichunge gumba, maana ndilo linalotenganisha N, A na S. Likizurura, wanakijiji wote wamehama.

Sasa punguza mbio. Wanafunzi wengi hukimbiza herufi kama bodaboda anayewahi abiria Omurushaka, mkono ukiruka kwa kila herufi. Kiwiko kikae karibu na ubavu, kiganja kimwelekee mwenzako. Usihesabu herufi kwa mdomo. Midomo itamke neno zima.

Kusoma mkono wa mwenzako ni kugumu zaidi, na huko ndiko pa kutoa jasho. Mwombe akuandikie majina ya majirani: Kihanga, Ihembe, Kayanga. Usidake herufi mojamoja, daka silabi. Aliyeizoea NYA ya Nyaishozi ataiona ikipita katika Bweranyange, na KA ya Kayanga atakutana nayo tena Karagwe.

Maumbo ya mkono mmoja yana safari ndefu: Juan Pablo Bonet aliyachapa kitabuni Madrid mwaka 1620. Kwetu Tanzania, shule ya kwanza ya viziwi ilifunguliwa Tabora mwaka 1963. Lakini viziwi wengi vijijini wamekua bila kukanyaga darasa lolote, na aliyenyimwa kusoma hana faida na herufi zako, hata uzipambe vipi. Kwake teremsha mkono, tazama alama anazotumia na mama yake na ndugu zake, ukajifunze hapo. Inaniuma kuona mtu anamrudishia mzee kiziwi jina lake kwa herufi mara tatu, kana kwamba hasikii kwa macho.

Herufi zihifadhi kwa majina ya watu, ya vijiji, ya dawa ambayo muuguzi anataka mgonjwa anayesoma aijue sawasawa. Mazungumzo yenyewe yana alama zake. Jifunze hizo kwa viziwi wenyewe. Siku watakapokupa jina la alama, lipokee jinsi lilivyo, hata kama limetokana na masikio yako makubwa. Hujichagulii.