Noah Tumesamehe, Sasa Tunaomba Betri

Mheshimiwa Waziri,
Wizara ya Madini,
Mji wa Serikali, Mtumba,
Dodoma.

YAH: OMBI LA BETRI MPYA KWA WAKAZI WA UKANDA WA DHAHABU

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi ni wamiliki wa magari na bajaji za umeme wa Kahama, Shinyanga na Geita. Hatujai ukumbi; tukiitana kikao, mwembe mmoja unatutosha na kivuli kinabaki. Lakini Wizara yako ina kaulimbiu isemayo Madini ni Maisha na Utajiri. Maisha tunayo, madini tunayo, kwa hiyo tumeona tuulizie hicho cha tatu.

Kwanza tunapenda kukujulisha rasmi kwamba suala la magari ya Noah tumelisamehe. Utakumbuka mwaka 2017 makontena 277 ya makinikia, ule mchanga wa dhahabu, yalizuiwa bandarini Dar es Salaam, na kampuni ya Acacia ikadaiwa kodi, riba na adhabu zinazofikia dola bilioni 190. Mtaani hatukungoja mchumi. Tuligawanya deni kwa vichwa vya Watanzania, vichanga wakiwemo, ikatoka Noah moja kwa kila kichwa. Hapa Kahama wapo waliokwisha kuchagua rangi. Mwaka 2020 Serikali na Barrick, mmiliki wa Acacia, wakatia saini makubaliano: dola milioni 300, hisa asilimia 16 katika migodi, na kampuni ya ubia iitwayo Twiga. Tukagawanya tena zile fedha, ikatoka kama dola tano kwa kila mmoja. Hiyo ni waipa ya Noah, tena ya upande wa abiria. Hatukulalamika. Waipa bila gari nayo ni hatua.

Tukiwa bado tumeishika waipa, dunia ikaanza kuhama kutoka kwenye petroli, na bahati ikatugeukia upya. Kule Kabanga, Ngara, ipo nikeli, pamoja na kobalti na shaba, ambayo watafiti wanaifahamu tangu miaka ya 1970. Januari 2021 Serikali ikasaini mkataba uliozaa Tembo Nickel, ikachukua asilimia 16 yake. Mwaka huohuo mgodi wa Buzwagi, ulioanza kuzalisha 2009, ukafunga kazi, na tukaambiwa kwamba hapohapo, kwetu Kahama, patajengwa mtambo wa kusafisha nikeli ya betri za magari. Machi 2024 leseni ya mtambo ikatolewa. Tumeisikia sifa yake na tunaiheshimu. Kasoro yake ni moja tu: haichaji.

Sisi, kwa kuamini, tukatangulia kununua magari. Tunayoyamudu ni yale yaliyokwisha kutumika Japani. Betri ya lithiamu huchoka kwa kuchajiwa na kutumika, na joto huizeesha haraka zaidi. Magari mengi ya awali ya umeme hupoza betri kwa hewa tu, hayana maji ya kupozea. Yaliundwa kwa watu wanaoona theluji, kisha yakaletwa Shinyanga kuonja jua la Oktoba. Gari lililotoka kiwandani likiwa na uwezo wa kilomita 150 linaondoka Kahama asubuhi kwenda Shinyanga mjini, likifika Tinde limekata roho. Abiria wanashuka na kupanda Hiace, dereva anabaki kutafuta nyumba yenye luku isiyoisha.

Watu wa Geita watatuelewa vizuri. Wao wanayajua magwangala: mawe ambayo mgodi umekwisha kuchukua ulichokitaka, kisha mwananchi anaachiwa aponde, abahatishe. Betri zetu ni magwangala. Kobalti inachimbwa Kongo kwa jirani, inasafishwa Uchina, inageuzwa betri, inawatumikia wengine ujana wake wote, halafu inarudi huku imebakiwa na nusu ya nguvu na bei ya kujivunia. Sisi tunaponda.

Tunasikia wenzetu ng'ambo wanaboresha. Gari lililozaliwa na betri ya kilowati-saa 24 linafungwa ya 40, bodi ileile, taa zilezile, na safari inakaribia kuwa ndefu mara mbili. Kwetu kuboresha ni hivi: fundi anafungua betri, anatoa seli zilizokufa, anaweka zilizotoka kwenye betri nyingine iliyokufa kidogo. Tunamshukuru, maana hakuna chuo kilichomfundisha. Amejifunza kwa video na kwa kupigwa shoti.

Mheshimiwa, haraka yetu ina sababu. Mwaka 2024, karibu nusu ya soko la betri za magari ya umeme duniani ilikuwa ya betri za chuma na fosfeti, zisizo na chembe ya nikeli wala kobalti. Wachina wanazipenda kwa kuwa ni rahisi na zinavumilia kuchajiwa mara nyingi. Nikeli yenyewe, iliyowahi kugusa dola 100,000 kwa tani kwenye soko la London Machi 2022, mwishoni mwa 2024 ilikuwa imekwisha kushuka hadi karibu dola 15,000. Sababu kubwa ni Indonesia. Nchi hiyo ilikataza kusafirisha nikeli ghafi mwaka 2020, ikajenga mitambo ya kuyeyusha, ikalifurisha soko. Tunaomba Wizara izingatie kwamba Indonesia haikutushinda kwa kaulimbiu.

Bado zipo betri zinazohitaji nikeli, hasa za magari ya safari ndefu, ndiyo maana tunaandika sasa. Tunachohofia ni mtambo wa Kahama kuzinduliwa siku ambayo betri zimekwisha kuzoea kuishi bila nikeli, tukakata utepe wa kitu ambacho bajaji iliyomleta mgeni rasmi haikihitaji.

Kwa unyenyekevu basi, tunaomba yafuatayo:

Mosi, tarehe. Lini mtambo utaanza kusafisha? Siku, mwezi na mwaka vinatosha, hotuba si lazima.

Pili, nikeli isipite barabarani mbele ya nyumba zetu kuelekea bandarini ikiwa ghafi, kama yalivyopita makinikia. Sheria za mwaka 2017 zilisema thamani iongezwe nchini, nasi tulizipigia makofi mpaka viganja vikauma.

Tatu, seli mpya za betri zipewe unafuu wa ushuru kama ule unaopewa mitambo ya migodi inapoingia nchini. Kama mashine ya kuondoa mali ardhini inastahili kuhurumiwa, hata kifaa cha kumfikisha mwananchi Shinyanga kinastahili.

Nne, VETA ianze kufundisha ufundi wa betri katika ukanda huu, ili siku mtambo utakapowashwa, vijana wa hapa wasiwe walinzi wa geti peke yao.

Tano, Bwawa la Julius Nyerere lina uwezo wa kuzalisha megawati 2,115. Tunaomba tundu moja la chaji, Tinde.

Hatuombi gari, Mheshimiwa, wala gawio. Kwa miaka zaidi ya ishirini migodi ya Geita na Bulyanhulu, na Buzwagi ilipokuwepo, imetufundisha kuhesabu tani zinazoondoka. Tungependa sasa tuhesabu kitu kinachobaki, hata kama ni betri moja yenye maandishi ya Kahama ubavuni.

Tutashukuru kupata jibu lenye tarehe. Majibu ya kwamba mchakato unaendelea tunayo ya kutosha, tumeyapanga kwa mwaka.

Naomba kuwasilisha.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Kwa niaba ya wamiliki wa magari na bajaji za umeme,
Kahama
(kwa sasa tupo Tinde, tunasubiri umeme wa jirani).